Gari Lilikuwa Linaelea

Ami yangu hakuuliza gari langu la mfano ni la vita gani. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kikoi, akaivaa tena, kisha akainama mpaka jicho lake likawa sawa na magurudumu. Akachomoa risiti ya duka mfukoni, akaipitisha chini ya gurudumu la mbele. Ikapita. Akaizungusha upande wa pili, akaipitisha chini ya gurudumu la nyuma. Ikapita tena, bila hata kukwaruza.

"Hili halikukanyaga," akasema. "Umesema ni gari la chuma, tani sita. Karatasi inapitaje?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimekaa na kazi ile miezi miwili, na hicho kilikuwa kiwanja cha pili kukijenga, yaani ubao wenye ardhi ya kulisimamishia gari. Rangi ya gari ilikuwa safi, riveti zote zinaonekana, bunduki imenyooka. Lakini mara tu alipolitaja neno lile, kukanyaga, nami nikaliona. Gari langu lilikuwa limewekwa juu ya ardhi kama sahani inavyowekwa juu ya meza.

Ami ameendesha lori kwa miaka mingi, Garissa kuja Garsen, Witu, mpaka Mokowe, tangu enzi ambazo mvua ikinyesha unalala njiani siku tatu. Anajua gari likizama linakuwaje. Mimi nimezaliwa Lamu, mji wa kale usio na barabara ya gari, ambako mzigo hubebwa na punda na safari ni ya mashua. Mifano tunayoijua sisi ni ya majahazi. Jahazi la mfano ukilisimamisha kwenye vigingi viwili linapendeza, kwa sababu hata lile la kweli likipandishwa pwani kupakwa shahamu hutegemezwa hivyo hivyo. Nilidhani gari nalo ni hivyo. Gari ni kitu kingine kabisa, maana nusu ya sura yake iko pale linapogusana na ardhi.

Niseme kwanza kwa nini gari hili. Ni gari la deraya aina ya Marmon-Herrington, toleo la pili (Mk II), katika kipimo cha 1:35, yaani dogo mara 35 kuliko la kweli. Magari haya yaliundwa Afrika Kusini juu ya fremu na injini ya Ford, yakafungwa vifaa vya kuendesha magurudumu yote manne vya kampuni ya Marmon-Herrington ya Marekani. Vikosi vya Afrika Kusini vilipokuja Kenya mwaka 1940 kupigana na Waitalia waliokuwa wameshika Somalia na Ethiopia, magari ya deraya yalikuja nao. Mwaka huo huo ndege za Kiitalia ziliangusha mabomu Malindi. Mapema mwaka 1941 majeshi yakavuka mpaka; Kismayu ikatekwa Februari 14, Mogadishu tarehe 25, na kufika Aprili 6 wakawa wameingia Addis Ababa. Miongoni mwa waliokwenda kwa miguu na kwa malori walikuwa askari wa Keya, yaani jeshi la King's African Rifles, na mmoja wao alikuwa babu yangu mzaa mama.

Babu hakuwa msemaji. Alirudi na koti la kaki, na kila akisema "Mtaliana" alitazama upande wa kaskazini. Kitu alichotusimulia mara kwa mara kilikuwa vumbi: magari mbele, askari nyuma, na vumbi linaloingia puani, machoni, hata ndani ya chupa ya maji iliyofungwa. Kwa hiyo binamu yangu aliponiletea seti ya plastiki ya gari hili, ya kampuni ya IBG ya Poland, nilijua ninataka kulisimamisha wapi: kwenye lile vumbi.

Pesa sikuwa nazo. Vibao vya tayari vinauzwa ughaibuni, na vifurushi vya nyasi za bandia, na chupa za udongo wa rangi, lakini ukiongeza na gharama ya kuvileta, kiwanja kinakuwa ghali kuliko gari. Ilibidi niangalie Lamu inanipa nini.

Lamu inatoa mchanga. Hilo ndilo lililonikosesha mara ya kwanza. Nilikwenda Shela, hapa hapa kisiwani, na mfuko, nikajaza mchanga mweupe mzuri, nikatafuta kipande cha plaiwudi chembamba cha sanduku, nikakipaka gundi nyeupe ya mbao upande mmoja na kuunyunyizia mchanga juu. Kwa wiki mbili nilikitazama kwa furaha. Wiki ya tatu ubao ulikuwa umejikunja, pembe zimeinuka kama mtumbwi, na juu ya mchanga niliokuwa nimeupaka rangi palitokea ukungu mweupe wa unga. Nikaugusa kwa ulimi. Chumvi.

Mchanga wa bahari una chumvi hata ukiwa mkavu kabisa, na hewa ya kisiwani ina unyevu. Chumvi huvuta unyevu, huyeyuka, hupanda juu, ikikauka inaacha ule unga. Ni jambo lile lile linalobomoa chini ya kuta zetu, na kila mtoto wa Lamu ameona plasta ikipukutika usawa wa goti. Nilikuwa ninaliona kila siku nyumbani, na sikulikumbuka nilipokuwa na gundi mkononi. Ukitaka kutumia mchanga wa pwani, uoshe kwa maji baridi ya kunywa mara tatu nne, kisha uukaange kwenye sufuria mpaka ukauke kabisa.

Lakini hata ukiuosha, kuna kipimo. Kwenye 1:35, chembe ya milimita moja ni jiwe la sentimita 3.5. Kipande cha kombe cha milimita tatu ni sahani ya sentimita kumi. Gari langu lilikuwa limesimama kwenye uwanja wa kokoto na sahani zilizovunjika, na mimi nikiita jangwa. Na rangi vile vile. Ami alipouona mchanga wangu wa mwanzo alicheka kwa upole, akauliza, "Hini nti ya wapi? Mtanga huu ni wa Shela. Babu yako hakupigana Shela."

Kiwanja cha pili nilikiinua kwa povu jeupe la maboksi ya samaki. Jetini maboksi yaliyovunjika hutupwa, ukiomba unapewa. Povu lile ni zuri sana kwa kazi hii, ni jepesi, kisu chenye makali kinalichonga, unaweza kutengeneza kilima, korongo, ukingo wa barabara. Nilichonga vizuri. Kisha, kwa kutaka kumaliza kabla ya magharibi, nikachukua kopo la rangi ya kupuliza na kulipulizia moja kwa moja. Ilitoka sauti ndogo kama soda iliyofunguliwa. Nilipoinamia kuangalia, kilima kilikuwa kinajila chenyewe, mashimo yanafunguka chini ya macho yangu. Dawa iliyomo kwenye rangi ya kupuliza huyeyusha povu la aina hiyo, na gundi kali nyingine nazo hufanya hivyo hivyo. Povu lishikishwe kwa gundi nyeupe ya mbao peke yake, lifunikwe lote kwa tabaka la gundi na jipsamu bila kuacha tundu, na rangi iwe ya maji, kwa brashi.

Nililiziba kwa jipsamu, nikasawazisha, nikaacha likauke mpaka likawa gumu kama kigae, halafu ndipo nikaliweka gari juu. Hapo ndipo ami alipokuja na risiti yake.

Kiwanja cha tatu nilikianzia mahali ambapo ningeanzia tangu mwanzo: nikapima kidaka. Nyumba yetu ni ya zamani, ukuta wa ndani una zidaka za plasta, yale matundu ya ukutani ya kuwekea vitu, na mama alikuwa amenipa kimoja. Kina upana wa sentimita 26 na kina cha 17. Vile viwanja viwili vya mwanzo visingeingia, vyote vilikuwa vipana kupita kiasi, nami nilivikata nikifikiria gari tu. Gari lenyewe lina sentimita 14 hivi. Likilazwa sambamba na ukingo wa ubao linaonekana limeegeshwa. Likikaa mshazari linaonekana linatoka mahali na kwenda mahali. Ubao wa 25 kwa 16 ulitosha.

Ubao niliupata Langoni kwa fundi seremala, kipande cha mvule kilichobaki kwenye fremu ya mlango, unene wa sentimita mbili na nusu. Hakutaka pesa. Alikipitishia randa mara mbili, akakipulizia mavumbi, akaniambia, "Lakini mwanangu, pakaza vanishi pande zote, chini na juu na kwenye kingo, kabla hujaweka chochote cha maji. Mbao hunywa. Ikinywa upande mmoja tu, itajikunja." Hiyo ilikuwa siri ya plaiwudi yangu iliyojikunja, na ameisema kwa sentensi tatu, msasa mkononi. Nilipaka vanishi tabaka mbili, nikalala usiku baina ya moja na nyingine.

Juu yake nikagandisha kipande cha povu cha sentimita moja na nusu, nikakiwekea pasi ya makaa juu siku mbili. Gundi nyeupe chini ya povu huchelewa kukauka kwa sababu hewa haipiti. Usiidanganye kwa kuona pembeni pamekauka. Kingo nikazizungushia vibao vyembamba vya kreti ili povu lisionekane.

Udongo ulitoka Bura, kule bara. Ami alimpigia simu kijana mmoja anayepakia malori, na baada ya wiki ukaletwa mfuko wa kilo moja uliokuwa wa sukari, ndani yake udongo mwekundu wa kutu, na kijiti cha mwiba kimejificha humo. Niliukaanga kwenye sufuria mbovu kuua wadudu na unyevu, nikautwanga kinuni, nikauchekecha kwa chungio la chai. Uliopita nikauchekecha tena kwa soksi nyembamba ya kike iliyotupwa. Nikawa na madaraja matatu: kokoto, mchanga, na unga laini kama poda. Ule unga wa soksi ndio vumbi la babu. Ukiutia kidoleni na kusugua hutahisi chembe yoyote.

Sasa kukanyaga kwenyewe. Nilikoroga jipsamu na maji na gundi nyeupe kidogo, nikatia na udongo mwekundu humo humo, ili hata ikikwaruzwa siku moja isitoke nyeupe. Nikaipaka juu ya povu unene wa milimita nne hivi. Halafu nikangoja, na kungoja huku ndiko kazi yote iliko. Ukibonyeza mapema, tope linapanda juu ya gurudumu na alama inajifunga nyuma yake. Ukichelewa, gari linaelea. Wakati wake ni pale jipsamu inapokuwa kama halua ambayo haijapoa sawasawa, ukigusa kwa kidole alama inabaki na kidole kinatoka kikavu.

Gari nilikuwa nimelifunga chini kwa plastiki nyembamba ya kufunikia chakula. Nililishika chini, karibu na ekseli, maana ukisukuma kutoka juu utavunja kitu, nikalibonyeza taratibu, upande wa kushoto zaidi kidogo, kwa sababu ardhi haiko sawa popote. Milimita mbili zinatosha: ni sentimita saba za mchanga wa kweli, na gari zito kwenye mchanga laini huzama hivyo. Nikaliondoa. Zilibaki alama nne.

Ami alikuwa ameketi barazani anakunywa kahawa. Nikamwita aone kabla haijaganda. Nilikuwa nimetayarisha gurudumu la akiba la kuburuta njia nyuma ya gari, na kwenye karatasi nilikuwa nimechora mistari minne, mmoja kwa kila gurudumu. Akatikisa kichwa. "Gari likienda moja kwa moja, magurudumu ya nyuma hupita palepale palipopita ya mbele. Mistari ni miwili. Likikata kona ndipo ya nyuma huingia ndani, na hapo utaona minne." Magurudumu yangu ya mbele yalikuwa yamenyooka. Mistari miwili, basi. Akaendelea: mchanga unaobanwa hauendi chini wote, mwingine hutoka pembeni ukafanya tuta dogo, na alama mpya ina kingo kali, ya jana imelegea. Alichukua kijiti cha kiberiti, akanionyesha kwa kuchora ukingo wa tuta mwenyewe, mkono hautetemeki. Sehemu ile sikuigusa tena, ipo mpaka leo nyuma ya gurudumu la kulia.

Ilipoganda, nilinyunyiza zile daraja za udongo, kokoto chache kwanza, mchanga, mwisho vumbi. Kuligandisha vumbi bila kulivuruga kunataka maji na gundi nusu kwa nusu na tone moja la sabuni ya maji ya vyombo. Bila sabuni, tone la gundi hukaa juu ya vumbi kama lulu na kulichimba. Likiwa na sabuni linazama lenyewe. Nililidondosha kwa bomba la sindano lisilo na sindano, nikianzia pembeni. Kisha nikalirudisha gari kwenye alama zake vumbi lingali bichi, likanasa.

Nyasi nilizitoa kwenye kumbi la nazi. Usumba una rangi ile ile ya nyasi za kiangazi, huhitaji kuupaka kitu. Vipande vya milimita nane mpaka kumi na mbili, ambavyo kwa kweli ni nyasi ya kufika chini ya goti, nikavifunga vishungi vidogo na kuvitia kwenye matundu ya sindano. Nilitia kumi na tano, nikang'oa tisa. Februari ni katikati ya kaskazi, masika bado, na ardhi ya kule huwa tupu. Nilikuwa pia nimechonga pipa, kasha la risasi na mkebe wa petroli, na nilivipenda. Vyote nikaviondoa. Kila nilichoongeza kilivuta jicho kutoka kwenye magurudumu, na kazi yangu yote ilikuwa magurudumu.

Kichaka kimoja nilikiacha, cha mizizi myembamba ya mmea uliokauka uani, bila majani. Na vumbi lililobaki nikalipakaza kwenye gari lenyewe kwa brashi laini, zito kwenye magurudumu na chini ya ubavu, jepesi kadiri unavyopanda, kwa maana gari na ardhi lazima viwe na vumbi moja. Gari lililopakwa vumbi la rangi nyingine hujitangaza mara moja kwamba limeletwa.

Gundi, vanishi ndogo na jipsamu, vyote havikufika shilingi 700. Chini ya ubao nilibandika vipande vinne vya kandambili niliyoiokota pwani, ili hewa ipite baina ya mbao na plasta ya kidaka, unyevu usikae.

Jambo la mwisho nililifanya usiku, bila kumwambia mtu. Unyayo wa mtu mzima, kwa kipimo hiki, ni milimita nane. Hatua ya askari anayetembea ni sentimita mbili hivi. Nilichonga ncha ya kijiti iwe na umbo la unyayo, nikalowesha vumbi kidogo nyuma ya gari, nikabonyeza kushoto, kulia, kushoto, kulia. Nyayo za mtu mmoja. Zinaingia kutoka ukingo wa ubao na kupita juu ya alama za magurudumu, kwa sababu gari lilitangulia na yeye alikuwa nyuma.

Ami alikuja siku ya pili baada ya swala ya alasiri. Akatoa karatasi mfukoni, akaiegemeza kwenye gurudumu la mbele, akasukuma. Karatasi ikajikunja. Akajaribu la nyuma. Ikajikunja. Akaikunja mara nne akairudisha mfukoni, akawa anataka kuinuka, halafu akainama tena, akasogeza miwani.

"Na hizi," akauliza, "ni za nani?"

Nikamtajia jina la babu. Akakaa pale kwa muda mrefu, kidole chake kikifuata nyayo moja moja juu ya hewa, bila kuzigusa, mpaka zilipofika kwenye gari.